Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani kutoka Uganda

Alifika Uganda mwaka 1946 akiwa daktari mpasuaji asiye na jina. Alipoondoka miaka 20 baadaye, ugonjwa uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika ulikuwa umepewa jina lake. Swali lake la pili, lililohusu saratani ya utumbo mpana, bado linawagusa wakaazi wa Mbarara, wakimbizi wa Nakivale, na ndugu zao walio ughaibuni.

Katika eneo la Kamukuzi mjini Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, ipo hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka wilaya nyingi za jirani, wakiwemo wakimbizi wa makazi ya Nakivale wilayani Isingiro. Miongoni mwa maradhi yanayofikishwa hapo ni saratani ya utumbo mpana, ambayo nusu karne iliyopita madaktari waliihesabu kuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika wa vijijini. Aliyeifanya dunia iulize sababu ya unadra huo ni Denis Parsons Burkitt.

Kutoka Enniskillen hadi Lira

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, katika eneo ambalo leo ni Ireland Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, na wakati wa mapumziko aliwafunga ndege pete miguuni ili kuchora mipaka ya makazi ya kila mmoja. Mtoto alirithi tabia hiyo ya kuuliza kitu kinapatikana wapi, na wapi hakipatikani.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe na kupoteza jicho la kulia. Chuo Kikuu cha Dublin alikiingia kusomea uhandisi, akahamia udaktari, akafuzu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Uingereza alikataliwa, kwa kuwa mpasuaji mwenye jicho moja hakuaminiwa. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikamfungulia njia: alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi, akahudumu Kenya na Somalia, na baada ya vita akapokelewa Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa nchi. Huko aliwapasua wanaume wengi wenye mabusha, akagundua kwamba wengi wao walitoka upande mmoja wa wilaya ilhali upande mwingine karibu hapakuwa na mgonjwa. Aliandika matokeo hayo, kisha mwaka 1948 akahamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Mtoto mwenye uvimbe wa taya

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume mwenye uvimbe pande zote nne za taya. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto wa kike mwenye uso uliovimba vivyo hivyo, na alipompima akamkuta na uvimbe mwingine tumboni. Hapo akatambua kwamba huenda ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake ya kwanza.

Kisha akaurudia mtindo wa Lira. Alichapisha vijikaratasi vyenye picha na maswali, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Majibu yalionyesha mkanda mpana uliokatiza katikati ya bara, ukiwa na mapengo katika nyanda za juu. Ili kuyaelewa mapengo hayo, mwaka 1961 alifunga safari ya wiki 10 na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu, takriban maili 10,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila walipofika waliuliza kama ugonjwa huo ulikuwapo. Ilibainika kwamba uvimbe huo ulipatikana penye joto na mvua, na haukupatikana penye baridi ya milimani.

Mwaka huohuo wa 1961 alitoa mhadhara jijini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, ambaye aliomba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kugunduliwa kwa kirusi ndani ya seli hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Dawa haba, wagonjwa wengi

Mulago ya wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikutosha kuuondoa uvimbe wa aina hiyo. Burkitt alipata dawa za saratani zilizokuwa bado zinajaribiwa Marekani, akazitoa kwa dozi ndogo. Watoto kadhaa walipona, na uvimbe wa wengine ulinywea ndani ya siku chache. Hata hivyo, wengi walirejea vijijini wasionekane tena, na hatima yao haikuandikwa popote.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha matibabu kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny aliushika usukani na kazi ikaendelea.

Swali la utumbo mpana

Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyedai kwamba sukari na unga mweupe ndivyo chanzo cha maradhi mengi ya mataifa tajiri. Burkitt alikumbuka miaka yake ya Mulago. Katika upasuaji wote alioufanya huko, kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana vilikuwa nadra, ilhali London vilijaza wodi.

Aliwaandikia tena madaktari wa misheni, safari hii kila mwezi, akiwaomba wahesabu wagonjwa. Pamoja na watafiti wengine alipima pia muda ambao chakula hukaa tumboni na uzito wa kinyesi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba wanavijiji wa Uganda walitoa kinyesi kingi mara kadhaa kuliko Waingereza, na kwa muda usiofikia nusu ya wao. Burkitt aliona tofauti hiyo imetokana na nyuzinyuzi za maharage, viazi vitamu, ulezi na unga usiokobolewa.

Hoja yake nzito zaidi ilihusu watu waliohama. Wamarekani wenye asili ya Afrika walikuwa wakiugua saratani ya utumbo mpana kama majirani zao weupe. Kwa hiyo kinga haikuwa katika damu, wala rangi ya ngozi haikumlinda mtu.

Wakosoaji hawakukosekana. Hesabu zake zilitegemea watu waliofika hospitalini; aliyefia nyumbani hakuhesabiwa. Tena, jamii yenye vijana wengi huwa na saratani chache za uzeeni. Baadhi ya tafiti kubwa zilizofuata, mwishoni mwa karne ya 20, hazikuona faida ya nyuzinyuzi aliyoitarajia. Nyingine, hasa za Ulaya, ziliiona. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba nafaka zisizokobolewa hupunguza hatari, na kwamba nyama zilizosindikwa, pombe na unene huiongeza.

Burkitt alifariki dunia tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Kamukuzi na Nakivale leo

Rejesta ya saratani ya Kampala, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950, imeonyesha kuongezeka kwa saratani ya utumbo mpana tangu zama za Burkitt. Uganda haina mpango wa kitaifa wa kuwapima watu kabla ya dalili kutokea. Mgonjwa anayetokwa damu haja kubwa hudhani ni bawasiri au minyoo, akanywa dawa za dukani, na miezi ikapita.

Kuchelewa huko kuna bei yake. Nchini Marekani, wagonjwa takriban tisa kati ya kumi wanaogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya utumbo huishi angalau miaka mitano. Ikishafika viungo vya mbali, hawafiki wawili kati ya kumi. Uvimbe wa mwanzo huweza kuondolewa kwa upasuaji pekee. Uliosambaa hudai dawa za miezi mingi, na pengine mionzi, ambayo kwa miaka mingi ilipatikana Mulago tu, takriban kilomita 270 kutoka Mbarara. Mashine pekee ya mionzi ilipoharibika mwaka 2016, nchi nzima ilikaa bila huduma hiyo hadi ilipopatikana mpya.

Kwa mkimbizi wa Nakivale, makazi yaliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo yanakaliwa zaidi na Wakongo, njia ni ndefu zaidi. Mwongozo wa shirika la UNHCR unazitaka rufaa za gharama kubwa zipimwe na kamati kwa kuangalia matumaini ya kupona na fedha zilizopo. Anayefika mapema ana hoja ya kutetea. Anayefika saratani imesambaa huwa amekwisha kuipoteza.

Waliohamia nchi za mbali wamebadili sahani pamoja na anwani, na hoja ya Burkitt kuhusu wahamaji inawahusu moja kwa moja. Lakini baadhi ya nchi hizo huwapa nafasi ambayo Kamukuzi haijaipata. Nchini Australia, kwa mfano, kifaa cha kupima kinyesi hutumwa nyumbani kwa posta bila malipo kwa wenye umri wa miaka 50 hadi 74, na tangu Julai 2024 wenye miaka 45 hadi 49 wanaweza kukiomba. Kwa yeyote, popote alipo, anayeona damu katika choo, aliyebadilika mwenendo wa haja kwa wiki kadhaa, au anayekonda bila sababu, hatua ya kwanza ni kumwona daktari.

Burkitt alitumia maisha yake kuwahesabu wagonjwa ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Wengi katika eneo alilolichora bado hawajaingia katika hesabu hiyo.