Eagan: Bondia wa chuo aliyepewa namba kwenye barafu, akaweka rekodi isiyovunjwa

KWENYE soka tumezoea kusikia habari za winga aliyegeuzwa beki na mambo yakamnyookea. Lakini kutoka ulingoni hadi kwenye njia ya barafu, tena ukiwa na miaka 34, halafu ukaondoka na dhahabu ya Olimpiki? Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Aliyefanya hivyo ni Edward Eagan, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa jina la Eddie. Tangu Februari 1932 mpaka leo hajatokea mwingine aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya majira ya joto na ile ya majira ya baridi katika michezo miwili tofauti.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, bobsledi ni kigari kisicho na magurudumu, chini kina vyuma vya kutelezea. Wachezaji wanakisukuma kwa mbio, wanarukia ndani mmoja baada ya mwingine, wa mbele anashika usukani na wa mwisho anakaa na breki. Kigari kinashuka mlimani kwenye njia ya barafu yenye kona kali, na mwenye muda mdogo ndiye bingwa.

Siku hizi Marekani husajili watu wa mchezo huo kutoka kwa wakimbiaji wa mbio fupi na wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, maana wanatafuta watu wazito wenye kasi. Zamani za Eagan hakukuwa na utaratibu huo. Yeye alikuwa bondia wa chuo, na namba aliipata ghafla tu.

MTOTO WA MJANE

Eagan alizaliwa Aprili 26, 1897 mjini Denver, jimbo la Colorado. Baba yake alifariki katika ajali ya reli yeye akiwa mtoto mchanga, mama akabaki na watoto watano wa kiume na kipato kidogo. Si familia ambayo ungetegemea itoe mtu wa vyuo vikubwa.

Kilichomshika dogo ni vijitabu vya hadithi vya bei rahisi kuhusu kijana wa kubuni aitwaye Frank Merriwell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale aliyekuwa mkali kwenye kila mchezo na mwenye tabia njema. Eagan alimchukua kama mfano wake wa maisha. Alijiwekea msimamo wa kutokunywa pombe wala kuvuta sigara, na akaapa kwamba siku moja na yeye atafika Yale.

Na kweli alifika. Alianzia Chuo Kikuu cha Denver, akaenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuwa ofisa wa mizinga, kisha akaingia Yale. Mwaka 1919 alitwaa ubingwa wa ridhaa wa Marekani uzito wa juu. Alikuwa anasoma huku anapigana, na kimoja hakikuua kingine.

DHAHABU YA ANTWERP

Mwaka 1920 Olimpiki ilifanyika Antwerp, Ubelgiji. Mashabiki wa soka wanaikumbuka kwa fainali iliyovunjika, pale Czechoslovakia walipotoka uwanjani wakimlalamikia mwamuzi na Wabelgiji wakabeba dhahabu.

Upande wa ngumi hakukuwa na utata kwa Eagan. Alipigana daraja moja chini ya uzito wa juu, akamtoa Thomas Holdstock wa Afrika Kusini, akamtoa Harold Franks wa Uingereza, na kwenye fainali akamshinda Sverre Sørsdal wa Norway. Dhahabu ya kwanza hiyo.

Wengine wangegeukia ngumi za kulipwa hapo hapo, na fedha zilikuwepo. Eagan alirudi darasani. Alimaliza Yale mwaka 1921, akasoma sheria Harvard, kisha akapata ufadhili wa Rhodes na kwenda Oxford, Uingereza. Huko pia hakukaa kizembe, akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa ridhaa wa ngumi wa Uingereza.

Olimpiki ya Paris 1924 haikumwendea vizuri. Alipanda uzito wa juu, akatolewa raundi ya kwanza tu na Mwingereza Arthur Clifton. Kwa hesabu za kawaida, safari yake ya Olimpiki ilikuwa imeishia hapo.

Baada ya hapo alizunguka dunia na rafiki yake kutoka Uingereza, Marquess wa Clydesdale, naye bondia, wakipigana na mabingwa wa ridhaa wa nchi walizopita. Huyo Clydesdale ndiye aliyekuja kurusha ndege juu ya kilele cha Everest mwaka 1933. Mwaka 1927 Eagan alimuoa Margaret Colgate, wa familia ile ile ya dawa ya meno, ambayo huku mtaani hata ukinunua ya kampuni nyingine bado unaiita kolgeti. Akatulia kwenye uwakili.

SIMU YA O'BRIEN

Mwaka 1932 Marekani iliandaa Olimpiki ya majira ya baridi Lake Placid, jimbo la New York. Kiongozi wa kamati ya bobsledi ya Marekani, Jay O'Brien, alikuwa anatafuta mtu wa kukamilisha kikosi cha watu wanne. Akamwita Eagan. Inaelezwa kuwa wiki tatu kabla ya mashindano, jamaa alikuwa hajawahi hata kukaa kwenye kigari hicho.

Ukikitazama kikosi chenyewe unaweza kucheka. Usukani alikuwa nao Billy Fiske, kijana wa miaka 20, lakini si wa kubeza, kwani alishatwaa dhahabu mwaka 1928 akiwa na miaka 16. Clifford Gray alikuwa na miaka 40. O'Brien mwenyewe, mtu wa breki, alikuwa na miaka 48. Na katikati yao wakili wa miaka 34 aliyekuwa anajifunza mchezo huku siku zinahesabika.

Njia ya Mlima Van Hoevenberg haikuwa ya mchezo. Ilikuwa na urefu wa karibu kilomita mbili na nusu, na kigari kilikuwa wazi juu. Wajerumani walipinduka mazoezini na baadhi yao wakaishia hospitali. Eagan aliyaona hayo na bado akapanda. Ulingoni ukiumia unaweza kukaa chini ukahesabiwa. Kwenye kigari hakuna refa wa kusimamisha pambano. Ukishaanza kushuka, kilichobaki ni kuegemea kona pamoja na wenzako na kumwamini kijana aliyeshika usukani.

Hali ya hewa ilivuruga ratiba na mbio za watu wanne zikasogezwa hadi Februari 14 na 15. Mpinzani mkubwa alikuwa kikosi kingine cha Marekani hao hao, cha Henry Homburger, wenyeji wa eneo hilo waliokuwa wanaijua njia kama uwanja wao wa nyumbani.

Baada ya mizunguko minne, Fiske na wenzake walikuwa na jumla ya dakika 7 sekunde 53.68. Homburger alitumia dakika 7 sekunde 55.70. Tofauti ni sekunde mbili na kidogo. Eagan akapata dhahabu ya pili, miaka 12 baada ya ile ya kwanza.

Wapo wanaosema alikuwa abiria tu. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, kwani kigari kilikuwa cha Fiske. Lakini kwenye mchezo ambao mtu mmoja akiegemea vibaya mnapinduka wote, hakuna kiti cha abiria. Fiske alihitaji mtu mzito, mwenye nguvu na asiyeingiwa na hofu, na sifa hizo Eagan alizitengeneza kwenye ngumi za vyuoni.

ALIPOKUWA BOSI WA NGUMI

Kikosi hicho hakikukaa pamoja muda mrefu. Mwaka 1940 Fiske alikufa akiwa rubani wa kivita wa Uingereza, na mwaka huo huo O'Brien naye akafariki. Eagan alilitumikia jeshi la anga la Marekani kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na tangu 1945 hadi 1951 akawa mwenyekiti wa kamisheni ya michezo ya jimbo la New York iliyosimamia ngumi.

Kiti hicho kilikuwa cha moto. Mwaka 1947 kamisheni yake ilimfutia leseni Rocky Graziano, kipenzi cha mashabiki wa New York, kwa kutotoa taarifa kwamba alishawishiwa kwa rushwa ili aachie pambano. Graziano alilazimika kwenda kupigana Chicago, na huko akautwaa ubingwa wa dunia. Eagan hakubadili msimamo kwa sababu mtu ni staa. Wanaolalamikia upangaji wa matokeo kwenye soka letu wanaelewa uamuzi wa namna hiyo una uzito gani.

Alifariki Juni 14, 1967 akiwa na miaka 70. Mwaka 1983 aliingizwa kwenye jumba la heshima la Olimpiki la Marekani, katika kundi la kwanza kabisa.

Rekodi yake iliponea chupuchupu mwaka 2014 kule Sochi. Mmarekani Lauryn Williams, mkimbiaji aliyetokea Chuo Kikuu cha Miami na mwenye dhahabu ya kupokezana vijiti ya London 2012, alikuwa na miezi michache tu kwenye bobsledi. Yeye na dereva wake, Elana Meyers, walikuwa wanaongoza mpaka mzunguko wa mwisho. Wakapitwa na Wakanada kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, akabaki na fedha.