Sultan Agung na Hesabu ya Siku

Mwaka jana nusura harusi ya dada yangu ilete kisirani nyumbani. Baba alitaka Jumamosi fulani ili jamaa wa mjini wapate nafasi ya kuja. Nyanya akakataa katakata, eti mwezi unafifia na jambo jema halianzwi gizani. Mimi nikacheka. Nyanya alininunia wiki nzima. Baadaye nikasoma habari za mfalme mmoja wa kale, na kile kicheko kikaniisha.

Mfalme huyo ni Sultan Agung wa Mataram, katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia ya leo. Alianza kutawala mwaka wa 1613 akiwa bado kijana. Alikuwa mtu wa vita, si mchezo! Mji wa Surabaya, uliokuwa na nguvu nyingi, ulisalimu amri mwaka wa 1625. Kisha akawageukia Waholanzi waliokuwa na ngome Batavia, mji uitwao sasa Jakarta. Aliwashambulia mwaka wa 1628 akashindwa, na makamanda wake wengine wakauawa kwa amri yake mwenyewe. Mwaka wa 1629 akajaribu tena. Waholanzi waliteketeza maghala yake ya mchele, askari wakafa kwa njaa na maradhi. Ngome haikuvunjika.

Ungedhani sifa zake ziliishia hapo. Kumbe mwaka wa 1633 alifanya jambo lililodumu kuliko vita vyake vyote. Watu wa Java walikuwa wakihesabu miaka kwa kalenda ya Saka, yenye asili ya India, na Waislamu walifuata kalenda yao ya mwezi. Agung alikuwa Mwislamu, lakini hakuwaambia watu watupe mambo ya wazee wao. Aliamuru miezi iende kama ile ya Kiislamu, ila hesabu ya miaka ya Saka iendelee pale pale ilipofika, yaani 1555. Hata juma la kale la soko, lenye siku tano, hakuligusa: Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon.

Siku hizo tano huenda sambamba na zile saba tunazozijua. Nazo kule zina majina ya Kiarabu kama baadhi ya zetu: Kemis ni Alhamisi, Jemuwah ni Ijumaa. Kila jozi hurudi baada ya siku 35, na kila siku ina namba yake. Jumanne ni 3 na Wage ni 4, jumla 7, ndiyo ndogo kabisa. Jumamosi ni 9 na Pahing ni 9, jumla 18, ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa harusi, wazee hujumlisha namba za siku walizozaliwa bwana na bibi arusi, ndipo wakachagua siku inayofaa. Wako wanaofanya hivyo hadi leo, hata wakitaka kuhama nyumba au kufungua duka.

Cheo cha Sultan alikipata kutoka Maka mwaka wa 1641. Alipofariki alizikwa juu ya kilima cha Imogiri, na watu huzuru kaburi lake mpaka sasa.

Mimi sisemi kwamba namba huleta bahati. Ninalosema ni kwamba mtu aliyeshindwa kwa silaha alifaulu kwa kuheshimu hesabu za wazee alipoleta hesabu mpya. Nyumbani pia ikawa hivyo. Baba alisogeza harusi hadi Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi kuandama. Jamaa wa mjini walifika, na Nyanya alicheza ngoma mpaka jioni.

Nyanya hajui kusoma. Gazeti letu likitoka nitaketi karibu naye nimsomee makala hii yote, maana sijamwomba msamaha bado.