Sperry, kijana aliyeifundisha ndege kujisawazisha

MKULIMA wa pamba wa Bariadi anayetaka kijana wake aunganishe ndege nyuki ya kupiga picha shamba, afahamu kuwa moyo wa chombo hicho ni kibao kidogo cha katikati kinachokisawazisha angani. Wazo lake si geni. Lilianza na Mmarekani Lawrence Sperry, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Sperry alizaliwa Chicago mwaka 1892. Baba yake, Elmer, alikuwa mvumbuzi aliyetengeneza dira ya meli inayotumia jairoskopu, yaani gurudumu ambalo likizunguka kwa kasi haliyumbi kirahisi. Wakati huo ndege zilitikiswa na upepo mdogo tu, na rubani hakuthubutu kuachia usukani. Kijana huyo akalipeleka gurudumu la baba yake angani.

Juni 18, 1914, katika mashindano ya usalama wa ndege karibu na Paris, alipita mbele ya majaji akiwa ameinua mikono yote miwili. Fundi wake, Emil Cachin, alikuwa amesimama juu ya bawa. Kila ndege ilipoinama, jairoskopu zilihisi na mitambo ikairudisha sawa. Walishinda faranga 50,000.

Machi 1918, wakati wa vita, ndege isiyo na rubani aliyoshiriki kuitengeneza iliruka huko New York kwa takriban mita 900.

Kibao cha leo hufanya kazi ile ile, ila gurudumu limebadilishwa na vihisi vidogo mno. Kwa hiyo fundi asikosee mambo mawili. Kwanza, mshale uliochorwa kwenye kibao uelekee mbele ya ndege, au programu ielezwe kibao kimegeuzwa vipi. Vinginevyo ndege ikiinama kulia, kibao kitazidi kuiinamisha, nayo itapinduka mara tu inapoinuka. Pili, kwa ndege ya mota nne, kila mota iunganishwe kwenye nafasi yake. Mbili zizunguke upande mmoja na mbili upande wa pili. Majaribio hayo yafanyike panga zikiwa zimevuliwa, maana zinakata vidole.

Desemba 13, 1923, Sperry aliondoka Uingereza peke yake kwa ndege ndogo, kukiwa na ukungu, kuelekea Ufaransa. Hakufika. Ndege ilikutwa baharini, na mwili wake ulipatikana Januari 1924. Alikuwa na miaka 30.

Funzo kwa mkulima ni kwamba kifaa husawazisha ndege, lakini hakiamui kama leo ni siku ya kuruka. Uamuzi huo ni wa mwenye chombo. Atazame upepo na mawingu, na kabla ya yote aombe kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mota iliyoungua hununuliwa nyingine. Jicho la mtoto halina duka.