André the Giant: Bingwa aliyeshika mkanda kwa chini ya dakika mbili

Kwa miaka mingi Mfaransa André Roussimoff alitangazwa kuwa mtu asiyeshindika katika mieleka ya kulipwa. Hata hivyo, ubingwa wa juu wa shirikisho lililompa umaarufu aliushika mara moja tu, usiku mmoja wa Februari 1988, na kabla dakika mbili hazijatimia alikuwa amekwisha kumkabidhi mtu mwingine. Nyuma ya muda huo mfupi kuna maisha ya mtu ambaye mwili wake ulikuwa riziki yake na pia maradhi yake.

André René Roussimoff alizaliwa tarehe 19 Mei 1946 huko Coulommiers, mashariki mwa Paris, akakulia katika kijiji kidogo cha Molien. Baba yake, Boris, alikuwa mhamiaji kutoka Bulgaria, na mama yake, Mariann, alikuwa na asili ya Poland. Walikuwa wakulima wenye watoto watano, na nyumbani kijana huyo waliizoea kumwita Dédé. Alipofika umri wa miaka 12 alikuwa amekwisha kupita urefu wa mita 1.90, kimo ambacho watu wazima wengi hawakifikii. Masomo aliyaacha akiwa na miaka 14. Hakuwa mwanafunzi mbaya, na hesabu alizimudu vizuri, ila aliona kwamba mtu wa kufanya kazi za shamba hakuhitaji zaidi ya hapo.

Si mbali na kijiji hicho, huko Ussy-sur-Marne, alikuwa na nyumba Samuel Beckett, mwandishi kutoka Ireland aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1969. Mara kadhaa mwandishi huyo aliwapakia katika gari lake watoto wa eneo hilo waliokuwa wakienda shule, André akiwa mmoja wao. Baadaye kisa hicho kilitiwa chumvi, ikaelezwa kwamba Beckett alilazimika kumbeba kwa sababu mtoto huyo hakuenea katika basi la shule, ilhali watoto wa kijiji hicho walikuwa na desturi ya kwenda kwa miguu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mambo mengi yaliyomhusu: ukweli ulikuwa mkubwa wa kutosha, lakini wasimuliaji hawakuridhika nao.

Kutoka Paris hadi Tokyo

Alipokaribia miaka 18 alihamia Paris. Mchana alifanya kazi ya kuhamisha samani za watu, na usiku alijifunza mieleka chini ya wakufunzi waliokuwa wameona mara moja faida ya umbo lake. Alianza kupanda ulingoni kwa jina la Géant Ferré, lililotokana na Grand Ferré, mkulima shujaa wa kaskazini mwa Ufaransa anayesimuliwa kuwa aliwakabili Waingereza kwa shoka katika Vita vya Miaka Mia. Mwaka 1966 alikutana na Frank Valois, mwanamieleka kutoka Kanada, ambaye baadaye alikuwa meneja wake na kumfungulia njia ya kuvuka mipaka ya Ulaya.

Mwaka 1970 alikwenda Japani, ambako alitangazwa kwa jina la Monster Roussimoff. Huko ndiko, kwa mujibu wa simulizi za maisha yake, daktari alipoutambua ugonjwa wake: akromegali. Huu ni ugonjwa unaosababishwa kwa kawaida na uvimbe katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Ukianza utotoni, kabla mifupa haijakomaa, mtu hurefuka kuliko kawaida. Urefu unapokoma, mifupa ya uso, mikono na miguu huendelea kunenepa, viungo huchakaa, na moyo hupanuka hadi unapochoka kuusukumia damu mwili mzima.

Kwa hiyo, kile kilichowavuta watu kununua tiketi ndicho kilichokuwa kikimuua polepole. Miaka ya baadaye, zilipojitokeza njia za kuuzuia ugonjwa huo, André hakukubali kutibiwa. Aliendelea kuishi kama mtu aliyekwisha kufanya hesabu zake na kuridhika na jibu.

Jitu lisilohitaji mkanda

Baada ya kupigana Montreal mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliingia mwaka 1973 katika himaya ya Vincent J. McMahon, mwandaaji wa mapambano aliyekuwa na makao yake kaskazini mashariki mwa Marekani. Hapo ndipo alipopewa jina lililodumu, André the Giant, yaani André Jitu. Matangazo yalimpa urefu wa mita 2.24, na baadaye uzito wa kilo 236.

Kwa wasioufahamu mchezo huo, ni muhimu kueleza kwamba katika mieleka ya kulipwa mshindi huamuliwa kabla ya pambano. Maumivu na ustadi ni vya kweli, lakini ubingwa ni sehemu ya hadithi. Bingwa hupewa mkanda ili watu waamini kwamba siku moja atanyang'anywa. André hakufaa katika mpango huo. Nani angeaminika akisema kwamba amemwangusha? Na jitu linaloonekana mahali pamoja kila wiki, mwishowe huzoeleka kama mnazi wa uani. McMahon akaamua kumkodisha kwa waandaaji wengine, wiki moja mji huu, wiki nyingine nchi ile. Alikuwa mgeni wa kila mahali, na kila alikokwenda ukumbi ulijaa.

Mpango huo ulimletea mali. Mwaka 1974 kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtaja kuwa mwanamieleka aliyelipwa zaidi katika historia, akiwa na kipato cha dola 400,000 kwa mwaka. Juni 1976, katika uwanja wa Shea jijini New York, alimrusha nje ya ulingo bondia Chuck Wepner, yule aliyekuwa amepigana na Muhammad Ali mwaka uliotangulia.

Lakini Waswahili husema ukubwa ni jalala, na kwa André msemo huo ulikuwa na maana ya moja kwa moja. Viti vya ndege vilimbana na choo cha ndege hakikumtosha. Vitanda vya hoteli vilikuwa vifupi. Hakuwa na njia ya kujificha, kwani hata akiwa amechoka au anaumwa, kila aliyemwona alitaka kumgusa, kumpiga picha au kumtania. Pombe aliinywa kwa kiasi kilichogeuka kuwa hadithi nyingine ya kuchekesha watu, ingawa waliokuwa karibu naye walijua kwamba sehemu yake ilikuwa ni ya kutuliza maumivu.

Aliyekubali kuinuliwa

Kufikia mwaka 1986 mgongo wake ulikuwa umeharibika kiasi cha kuhitaji upasuaji. Mwaka huohuo alishiriki katika utengenezaji wa filamu ya The Princess Bride, akiigiza kama Fezzik, pandikizi la mtu mwenye moyo mpole. Watazamaji walimwona akimdaka binti mwembamba mikononi mwake. Wasichokiona ni kwamba mwigizaji huyo alishikiliwa kwa waya, kwa sababu mgongo wa André haukuweza tena kubeba hata uzito huo.

Akiwa katika hali hiyo ndipo alipoombwa kufanya kazi kubwa kuliko zote. Shirikisho la WWF, ambalo leo linajulikana kama WWE, lilikuwa sasa mikononi mwa Vince McMahon, mtoto wa mwajiri wake wa zamani. Bingwa wake alikuwa Hulk Hogan, aliyeushika mkanda tangu tarehe 23 Januari 1984. Tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan, wawili hao walikutana mbele ya umati uliotangazwa kuwa watu 93,173, idadi ambayo imebishaniwa tangu wakati huo. André alivaa vazi jeusi la bega moja ili kuficha mkanda wa kitabibu ulioshikilia mgongo wake.

Hogan alimwinua, akambwaga chini na kushinda. Matangazo yalidai kwamba André hakuwa ameshindwa kwa miaka 15 na kwamba hakuna aliyewahi kumwinua. Yote mawili hayakuwa kweli, kwani Hogan mwenyewe alikwisha kumwinua mwaka 1980. Lililokuwa kweli ni kwamba hakuna mtu aliyeweza kumwinua André bila yeye mwenyewe kuridhia. Usiku ule aliridhia, na kwa kuanguka kwake alimpa Hogan sifa ambayo fedha isingeweza kuinunua.

Mkanda uliouzwa

Miezi kumi baadaye hadithi iligeuzwa. Ijumaa ya tarehe 5 Februari 1988, katika ukumbi wa Market Square Arena mjini Indianapolis, Hogan na André walikutana tena. Pambano hilo lilirushwa moja kwa moja na televisheni ya NBC katika saa ambazo Wamarekani wengi huwa mbele ya televisheni zao, jambo ambalo mieleka haikuwa imelipata tangu miaka ya 1950. Inakadiriwa kuwa watu milioni 33 walitazama.

Katika hadithi iliyopangwa, tajiri mwenye majivuno aliyeigizwa na Ted DiBiase alikuwa amejaribu kuununua ubingwa kwa Hogan na kukataliwa, ndipo akamkodi André amtwalie. André alimbana Hogan chini, na mwamuzi akahesabu hadi tatu ingawa bega moja la Hogan lilikuwa limeinuka waziwazi. Mara akatokea mwamuzi wa pili aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Walikuwa Earl na Dave Hebner, ndugu pacha, lakini watazamaji walielezwa kwamba kuna mtu aliyelipwa ili abadilishwe sura.

Akiwa angali ulingoni, André alisogezewa kipaza sauti. Akatangaza kwamba anautoa mkanda kwa DiBiase, na katika kusema akauita ubingwa wa dunia wa timu za wawili wawili, ambao si ule alioutwaa. Utawala wake ulikwisha hapo hapo. Muda unaotajwa mara nyingi ni dakika 1 na sekunde 48, na katika orodha ya mabingwa wa mkanda huo hakuna aliyeushika kwa muda mfupi zaidi.

Baadaye shirikisho lilitangaza kwamba ubingwa hauuzwi, likauacha wazi hadi mashindano ya tarehe 27 Machi 1988 mjini Atlantic City, ambako Randy Savage alimshinda DiBiase katika fainali. Ukitazamwa kwa jicho hilo, ushindi wa André ulikuwa daraja. Waandaaji walihitaji kumvua Hogan mkanda baada ya miaka minne bila kumdhalilisha, na ni mtu mmoja tu ambaye ushindi wake juu ya Hogan haungemshangaza yeyote. Walihitaji pia mtu asiyelazimika kuubeba ubingwa huo usiku baada ya usiku, kwa maana mwili wake haukuweza tena. Kwa miaka 15 alinyimwa mkanda kwa kuwa alikuwa na nguvu mno. Ulipomfikia hatimaye, alikuwa dhaifu mno kukaa nao.

Miaka ya mwisho

Kama kwamba ulimi wake ulitabiri, tarehe 13 Desemba 1989 André alitwaa ubingwa wa timu za wawili wawili, akishirikiana na Haku kutoka Tonga. Waliupoteza tarehe 1 Aprili 1990 mjini Toronto, katika pambano ambalo Haku alipigana karibu peke yake huku André akisimama nje ya kamba. Meneja wao, Bobby Heenan, alipomgeukia na kumzaba kofi kulingana na hadithi, André alimtimua ulingoni. Umati uliokuwa ukimzomea kwa miaka mitatu ukamshangilia.

Nyumba aliyoipenda ilikuwa katika shamba la ng'ombe karibu na mji mdogo wa Ellerbe, North Carolina. Wakazi wa huko walimzoea, naye aliweza kuingia dukani bila kuzungukwa na watu. Aliendelea kusafiri kwenda Japani, ambako alipanda ulingoni kwa mara ya mwisho Desemba 1992.

Mwezi uliofuata baba yake alifariki dunia. André alirudi Ufaransa kumzika, kisha akabaki nchini humo kuwa karibu na mama yake. Inasimuliwa kwamba siku yake ya mwisho aliitumia Molien, akicheza karata na marafiki wa utotoni. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1993 alifariki usingizini katika hoteli moja mjini Paris, moyo wake ukiwa umeshindwa. Alikuwa na umri wa miaka 46. Mwaka huohuo shirikisho lilianzisha orodha yake ya heshima, na kwa mwaka huo wa kwanza jina lililowekwa lilikuwa lake pekee.

Alikuwa ameagiza kwamba mwili wake uchomwe, lakini haikupatikana Ufaransa sehemu ya kuchomea maiti iliyoweza kumpokea mtu wa ukubwa wake. Mwili ulisafirishwa hadi Marekani, na majivu yake yakatawanywa katika shamba la Ellerbe, kwenye malisho ya ng'ombe wake.