Mtakatifu Yohane Bosko: baba wa vijana wasio na pa kulala



Wapendwa waamini, kila tarehe 31 Januari Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yohane Bosko, Padri. Sisi wa Matamba tuna sababu yetu ya pekee ya kumtafakari. Wilaya yetu ya Makete ilipoteza wazazi wengi kwa UKIMWI, na watoto wengi wamelelewa na bibi zao. Wakimaliza shule, au hata kabla ya kumaliza, baadhi yao huteremka zile kona nyingi hadi Chimala, wengine hushukia Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya na reli ya TAZARA inapopita. Huko wapo wanaofika na begi moja tu, wala hawajui watalala wapi usiku ule. Mtakatifu huyu aliwafahamu vijana wa namna hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Yohane alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, Kaskazini mwa Italia, katika familia ya wakulima maskini. Baba yake alifariki dunia mwaka 1817, yeye akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, alibaki na mzigo wa kulea watoto katika miaka ya njaa. Yohane alitamani kusoma ili awe padri, lakini kaka yake wa kambo aliona vitabu ni uvivu. Ugomvi ulipozidi, mama alilazimika kumwachilia mwanawe, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, aende kutafuta kazi ya shamba kwa watu wengine. Baadaye, alipokuwa akisoma mjini Chieri, alijilipia kwa kufanya kazi mbalimbali, zikiwemo za ushonaji na za mgahawani.

Alipewa Daraja Takatifu ya Upadri tarehe 5 Juni 1841 mjini Torino. Mlezi wake, Padri Giuseppe Cafasso, alimpeleka magerezani, naye akafadhaika kuwaona vijana wadogo wenye afya na akili wakioza humo. Aligundua kwamba wengi wao walikuwa wakifungwa, wakitoka na kurudi tena kwa sababu nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Mji ulikuwa unajengwa kwa kasi, na vijana walimiminika kutoka vijijini kubeba matofali. Tarehe 8 Desemba 1841 alianza kumfundisha katekisimu yatima mmoja, mwashi, aitwaye Bartolomeo Garelli. Huo ndio mwanzo wa Oratorio, mahali pa sala, masomo na michezo, ambayo tangu Pasaka ya mwaka 1846 ilipata makao katika banda la Pinardi, mtaa wa Valdocco.

Hata hivyo, ilipofika jioni swali lilibaki palepale: mtoto huyu analala wapi? Novemba mwaka huohuo Mama Margherita aliiacha nyumba yake kijijini, akahamia Valdocco ili kumsaidia mwanawe. Jaribio lao la kwanza liliambulia hasara. Don Bosko aliwalaza vijana kadhaa darini penye nyasi kavu, akawapa mashuka na mablanketi. Asubuhi alikuta wametoroka na vyote.

Hapa ndipo tunapopaswa kusimama kidogo. Wengi wetu tungefunga mlango, na hakuna ambaye angetulaumu. Lakini usiku mmoja wa mvua, Mei 1847, kijana mwingine aligonga, amelowa, ana njaa, hana ndugu wala kazi. Mama na mwana walikumbuka yaliyowapata, wakapima, kisha wakampokea. Walimwandalia kitanda cha mbao juu ya matofali jikoni, Mama Margherita akampa mausia mafupi juu ya kazi, uaminifu na sala, kisha jiko likafungwa kwa ufunguo hadi asubuhi. Upendo wao ulikuwa na macho, lakini haukuwa na kisasi. Kutoka kitanda hicho kimoja nyumba ilikua, mwaka hata mwaka, hadi ikawahifadhi mamia ya vijana.

Don Bosko alitambua pia kwamba kitanda peke yake hakimkomboi kijana. Mchana vijana wake walikwenda mjini kujifunza ufundi, na usiku walirudi nyumbani. Ili wasinyanyaswe, tangu mwaka 1851 alianza kuandikiana mikataba na mafundi: kijana afundishwe kazi kweli, aonywe kwa maneno na si kwa kipigo, apumzike siku za sikukuu. Mwaka 1853 alifungua karakana zake za viatu na ushonaji, kisha zikafuata za useremala na uchapaji. Lengo lilikuwa kijana asimame kwa miguu yake, aondoke akiwa raia mwema na Mkristo mwema.

Mama Margherita alifariki mwaka 1856. Mwaka 1859 Don Bosko alianzisha Shirika la Wasalesiani, akafariki tarehe 31 Januari 1888. Papa Pio XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1934. Wanawe walifika Tanzania mwaka 1980, na leo huko Iringa, jirani zetu, wanawafundisha vijana ufundi.

Wapendwa, hatusemi kila familia ifungue bweni. Lakini jumuiya ndogondogo zetu zinaweza kuuliza, kabla kijana hajapanda gari, anakwenda kwa nani na atafanya kazi gani kwa makubaliano yapi. Mafundi wetu wanaweza kumpokea mmoja. Waamini wenye chumba mjini wanaweza kumhifadhi kwa miezi michache, hadi apate ujuzi na kodi yake. Na yule aliyewahi kuibiwa blanketi asikate tamaa: kijana wa pili bado yuko njiani, na mvua inanyesha.

Mtakatifu Yohane Bosko, utuombee.