Dhyan Chand: Bingwa wa Magongo Aliyepikwa Akaiva

Mwezi Desemba 1947 timu ya mpira wa magongo kutoka India ilishuka bandarini Mombasa, ikiwa katika ziara ya Afrika Mashariki. Nahodha wake alikuwa mtu aliyekwisha kupita miaka 40, umri ambao wachezaji wengi huwa wamekwisha kuwaachia vijana uwanja. Hata hivyo, ziara ilipomalizika alikuwa amefunga mabao 61 katika michezo 22.

Bwana huyo ni marehemu Dhyan Chand. Mabao yake yamesimuliwa sana. Mimi leo nataka kusimulia jinsi alivyolelewa mchezoni, kwani hilo ndilo naona tunalolisahau.

Alizaliwa Allahabad tarehe 29 Agosti 1905, jina lake Dhyan Singh. Babake alikuwa askari, na kwa ajili ya kuhamishwahamishwa, mtoto alisoma miaka 6 tu. Hatimaye jamaa hiyo ilifanya makazi Jhansi. Udogoni alipenda mieleka, magongo hayakumshughulisha.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 17, aliingia jeshini, askari wa kawaida katika kikosi cha Brahmin. Huko alikutana na mkubwa wake mmoja, Bale Tiwari, aliyeupenda mno mchezo huu. Ndiye aliyemshika mkono akamfundisha misingi yake. Yasemekana kijana alikuwa akimaliza zamu zake hutoka usiku kwenda kufanya mazoezi penye mbalamwezi, na wenzake wakampa jina la Chand, yaani mwezi.

Sasa angalia, ndugu msomaji, jinsi alivyopandishwa. Tangu 1922 hata 1926 alicheza michezo ya jeshi peke yake: kikosi kwa kikosi, na mashindano ya majeshi. Hiyo ni miaka 4 ya kukosea na kusahihishwa bila dunia kumtazama. Mwaka 1926 timu ya jeshi ilikwenda New Zealand, naye akachaguliwa. Walicheza michezo 21, wakashinda 18, wakatoka sare 2, wakashindwa 1. Aliporudi alipewa cheo kidogo cha kwanza jeshini.

Hata baada ya hapo alikuwa na mtihani mwingine. Mwaka 1928 yalifanywa mashindano ya majimbo mjini Calcutta ili kuchagua timu ya Olimpiki. Dhyan Chand alichezea United Provinces, nayo ikashinda. Ndipo aliposafiri kwenda Amsterdam, umri wake miaka 22, karibu miaka 6 tangu siku alipoanza kufundishwa. Huko alifunga mabao 14 katika michezo 5. India ilitwaa medali ya dhahabu, na lango lake halikuingia bao hata moja.

Mti uliokuzwa hivyo haukuanguka mapema. Alitwaa dhahabu tena Los Angeles mwaka 1932, na Berlin mwaka 1936 akiwa nahodha. Huko Berlin walishindwa na Wajerumani 4-1 katika mchezo wa kujipima nguvu. Hawakuona haya kukiri upungufu wao. Walipiga simu ya maandishi nyumbani, akaletwa Ali Dara. Katika fainali waliwafunga Wajerumani hao hao 8-1.

Mimi huyapima mambo haya na ya kwetu. Nimeona kijana wa miaka 16 akifunga mabao mawili Jumapili moja, Jumapili ya pili amekwisha kutiwa timu kubwa, mbele ya wanaume waliokomaa. Akikosea hulaumiwa, akiumia husahauliwa. Kisha twauliza vipaji vimekwenda wapi! Embe lililovunjwa bichi likavundikwa kwa pupa hulainika ganda tu, ndani ni chachu.

Wala si kwamba nchi yetu haina asili ya mchezo huu. Kenya ilishika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971. Lakini tangu Seoul 1988 mpaka Paris 2024, wanaume wetu hawakuonekana tena katika magongo ya Olimpiki. Sidai kwamba haraka peke yake ndiyo iliyotufikisha hapo. Nasema tu kwamba haitaturudisha tulikotoka.

Dhyan Chand aliondoka jeshini mwaka 1956 akiwa meja, na mwaka huo huo serikali ya India ikampa nishani ya Padma Bhushan. Baadaye alifundisha katika chuo cha michezo cha Patiala. Alifariki Delhi tarehe 3 Desemba 1979. Kwao, siku aliyozaliwa ndiyo Siku ya Michezo ya taifa zima.

Wazee wenye vilabu, mkimpata kijana mwenye mkono mzuri, mpeni mwalimu, mpeni michezo ya kadiri yake, kisha mpeni miaka. Subira yavuta heri.