Kivoi wa Kitui: Ukubwa Pasipo Kiti cha Enzi

Nicholas I alipokuwa akiitawala Urusi (1825–1855) kwa amri zake, akikagua hata mashairi ya Pushkin, Ukambani hakukuwa na mfalme. Kivoi Mwendwa wa Kitui alipata ukubwa kwa njia nyingine: aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Ndiye aliyemsimulia mmisionari Ludwig Krapf habari za mlima wenye theluji. Krapf aliuona akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba 1849. Jina alilolisikia huko likaja kuwa la nchi yetu. Agosti 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana, na msafara wake ukatawanyika. Hakuacha kiti cha kurithiwa, bali jina tulitamkalo kila siku.